Visu vya porini vya bei nafuu: kipi ununue Mombasa na kipi ukiache dukani

Kisu kilichovunjika mkononi mwangu kule Kwale nilikinunua Mombasa mjini kwa shilingi 1,200. Kilikuwa cheusi, kirefu, kina meno ya msumeno mgongoni na dira kwenye kifuniko cha mpini. Ukikifungua kile kifuniko unakuta ndani njiti za kibiriti, ndoana mbili, kipande cha risasi na uzi wa mshipi. Tulikuwa na vijana kumi na wanne wa skauti, jua linazama, na wingu la mvua limeshapanda kutoka baharini. Nilikilaza kisu juu ya kipande cha mvinje mkavu, nikagonga mgongo wake kwa gongo ili nipasue kuni. Pigo la tatu mpini ulibaki mkononi, bapa likaruka, likachoma mchanga hatua mbili kutoka alipochutama mtoto wa watu.

Hakuumia. Ila usiku ule nilikaa kando ya moto nikauchungulia ule mpini ndani. Bapa lilikuwa na kijimkia kisichozidi kiungo kimoja cha kidole, kimeshikwa kwa nati moja na gundi iliyokauka ikawa kama ganda la yai. Kisu kizima, na mapigo yote niliyokipiga, vilikuwa vimetegemea nati ile.

Wazazi wa vijana huniuliza kama visu hivi vya bei ya chini vina maana yoyote. Vipo vyenye maana sana, na vipo vya kumtoa mtu jicho, na bei peke yake haikwambii kipi ni kipi. Kinachokwambia ni mahali mtengenezaji alipobania pesa. Akibania kwenye mpini, rangi na ala, bado umepata kisu. Akibania kwenye chuma halafu akaweka dira, umenunua dira mbovu yenye ncha.

Kwa miaka miwili nimekuwa nikivitumia visu vitano sambamba, vyote ambavyo mtu wa hapa anaweza kuvipata bila kuvunja kibubu: hicho cha mpini mtupu (nilinunua cha pili ili nikijaribu vizuri), kisu kizito cheusi cha mtindo wa kijeshi, Mora kutoka Sweden, kisu cha mhunzi kilichofuliwa kwa springi ya lori, na kisu cha kawaida cha jikoni kikiandamana na panga.

Lakini kwanza nieleze swali nililoulizwa na ami yangu, mvuvi wa Mtongwe, maana lilinipangia kazi yote. Nilimpelekea vile vipande viwili.

“Shikamoo ami.”

“Marahaba mwanangu. Ni nini hichi?”

“Kisu cha porini. Kimevunjika.”

Akakigeuza, akakwaruza makali kwa ukucha wa dole gumba. “Hichi cha kupigia picha. Wewe wataka kukatia nini?”

Sikuwa na jibu, na nadhani wanunuzi wengi hawana. Nilipokaa nikaandika kazi zote tulizofanya kambini na ufukweni, orodha ilikuwa fupi: kukata kamba na mshipi, kupara magamba na kupasua samaki, kuchonga vigingi vya hema, kukata makuti, kupasua kuni nyembamba, kumenya vitunguu na viazi, kufungua dafu. Hakuna simba kwenye orodha ile. Hakuna ukuta wa kuvunja. Kazi sita kati ya saba zinataka bapa jembamba la urefu wa kiganja, lenye makali yanayodumu. Moja tu, dafu, inataka uzito.

Cha mpini mtupu

Visu hivi vilienea miaka ya 1980 pamoja na filamu za vita za Marekani, na tangu hapo umbo halijabadilika. Kinachovutia ni kwamba unaona vitu vingi kwa pesa kidogo. Basi tuvitazame kimoja kimoja.

Dira imekaa juu ya kipande cha chuma, na chuma huvuta sindano. Niliweka dira yetu nzuri ya skauti mezani, nikaisogeza ile ya kisu kando yake. Kila nilipolizungusha bapa, sindano ya kisu ilihama. Na hapa Pwani mtu anahitaji dira ya kisu kwa lipi? Bahari iko mashariki, na ukiwa kwenye vilima vya Kwale upepo wa mchana unakuonyesha ilipo hata kama huioni.

Msumeno wa mgongoni haukati mbao. Msumeno wa kweli meno yake hupindishwa kwa zamu, moja kulia na moja kushoto, ili njia iwe pana kuliko bapa lenyewe. Haya yamekatwa moja kwa moja kwenye chuma kinene, kwa hiyo yakiingia nusu inchi yanakwama. Tena kila pengo la jino ni mahali ufa unapoweza kuanzia, na ukigonga mgongo kwa gongo, meno yanalitafuna gongo lenyewe.

Njiti za kibiriti zilikuwa zimeshaingia unyevu kabla sijazitumia. Kibiriti kikavu ndani ya kichupa cha dawa, na fumba la makumbi ya nazi yaliyokauka, hukuwashia moto kwa haraka zaidi na gharama yake haifiki shilingi hamsini. Makumbi ni zawadi ya Pwani ambayo visu vya wageni havikuifikiria.

Kisu hiki sikishauri kwa mtu yeyote, hata kwa shilingi 300, na kwa mtoto ndiyo kabisa. Mpini wowote ambao ndani ni mtupu na bapa limeunganishwa kwa skurubu utaachia, na utaachia wakati umekaza nguvu, yaani wakati mbaya kuliko yote.

Kizito cheusi

Hiki kina heshima yake. Changu kiligharimu shilingi 1,800 kwa mtandao. Chuma kinapita hadi mwisho wa mpini, unakiona pande zote mbili kati ya vipande vya plastiki, na mgongo una unene wa milimita 5. Nimekipiga gongo hadi mkono ukachoka, hakikutikisika.

Kasoro ni mbili. Kwanza unene: makali yameanza ghafla karibu na ukingo wa bapa nene, kwa hiyo kinapasua badala ya kukata. Jaribu kukatia nyanya, utapata rojo. Kuchonga kigingi nacho ni kama kuchonga kwa patasi. Pili, chuma chenyewe. Kimeandikwa 3Cr13, ambalo ni jina la aina ya chuma, na visu vingi vya bei hii huwa ni hicho au 420. Chuma huitwa stenlesi kikiwa na kromu isiyopungua asilimia 10.5, na kromu ndiyo inayozuia kutu. Lakini makali yanataka kaboni, na 3Cr13 ina asilimia 0.3 tu au karibu na hapo. Matokeo yake unakinoa asubuhi, kinakata vizuri, na kufikia alasiri ya kupara samaki na kukata kamba makali yamelala. Kizuri ni kwamba chuma laini hunoleka upesi, dakika tano juu ya jiwe na kimerudi.

Ukiona kimeandikwa 440 usifurahi mapema. Kuna 440A, 440B na 440C, na kaboni yake hutofautiana: A huanzia asilimia 0.60, C hufika hadi 1.20. Nambari bila herufi inakuacha palepale ulipokuwa. Na neno stainless lenyewe kupigwa muhuri kwenye bapa halikwambii lolote kuhusu makali.

Mora

Mora ni mji wa Sweden ambako visu vimekuwa vikitengenezwa kwa karne kadhaa, na kampuni ya Morakniv ina mizizi ya tangu 1891. Ninachokizungumzia ni Companion, kisu chao cha kazi: bapa la sentimita 10 na kidogo, unene wa milimita 2.5, mpini wa plastiki na mpira, ala ya plastiki. Kwa sura hakivutii hata kidogo. Ulaya na Marekani huuzwa kwa chini ya dola 25. Changu nililetewa na jamaa, na pamoja na usafiri kilinifikia kwa takriban shilingi 3,500, kwa hiyo katika vitano hivi ndicho ghali zaidi.

Nimeeleza pesa zinabaniwa wapi. Hapa wamebania kwenye mpini wa plastiki na ala isiyo na urembo, na chuma wakakiacha salama. Toleo la stenlesi hutumia chuma cha Sweden kiitwacho 12C27, chenye kaboni ya asilimia 0.6 hivi, mara mbili ya kile cheusi, na kimepikwa vizuri. Nilikata kamba ya nailoni ya nanga, unene wa kidole, vipande arobaini kwa kila kisu. Cheusi kilianza kuteleza kwenye kipande cha kumi na tatu, nikawa namalizia kwa kuvuta kama msumeno. Mora ilifika arobaini na bado ikachana karatasi ya gazeti, ingawa kwa kukwaruza kidogo.

Kuna jambo jingine ambalo anayeanza atalipenda. Makali ya Mora yana mteremko mmoja mpana kila upande, unaouona kwa macho. Unaulaza mteremko ule juu ya kinoo mpaka utulie, unasukuma. Huna haja ya kubahatisha pembe. Kijana wa miaka kumi na mitatu nilimfundisha jioni moja, na alipomaliza akanyoa vinyweleo vya mkono wake kwa kisu hicho, akawaita wenzake wote waje kuona.

Kasoro yake lazima isemwe: chuma hakifiki mwisho wa mpini. Kinaishia ndani, ingawa kirefu cha kutosha na plastiki imemwagwa kukizunguka. Kuni za unene wa mkono wa mtoto nimepasua nacho bila shida. Gogo la mkoko lililokauka nisingethubutu. Kuna toleo la Heavy Duty lenye unene wa milimita 3.2, na kwa anayepasua kuni kila siku ndilo la kuchukua.

Cha mhunzi

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, na hapa ndipo pa kuangalia zaidi.

Wahunzi wetu wa jua kali hufua visu kwa springi za magari. Springi ya lori ni chuma kizuri, kwa kawaida kina kaboni ya asilimia 0.6 hivi, na kimetengenezwa kupinda na kurudi maelfu ya mara bila kukatika. Kwa hiyo malighafi ya kisu cha shilingi 700 inaweza kuwa bora kuliko ya kile cheusi cha shilingi 1,800. Tofauti yote iko kwenye moto.

Nilikaa asubuhi nzima na mhunzi aliyenifulia changu. Alipokwisha kulipa umbo, alilitia bapa motoni hadi likawa jekundu kama embe dodo lililoiva, akalizamisha kwenye debe la mafuta machafu ya gari. Likapiga kelele, moshi ukapanda. Akanikabidhi tupa: “Pitisha hapo kwenye makali.” Tupa iliteleza kama inapita juu ya kioo, haikung’ata. Hapo chuma ni kigumu lakini kinavunjika kama kigae, alisema, akalirudisha karibu na makaa, mgongo ukielekea motoni, akawa anaitazama rangi. Njano kama majani makavu ikatambaa kutoka mgongoni kuelekea makali, na ilipofika tu akalitoa. Angechelewa kidogo, njano ingegeuka samawati na makali yangekuwa laini.

Siyo kila mhunzi anaifanya hatua ya mwisho, na wengine hawafanyi hata ya kwanza. Wanakata springi kwa grenda, wanaipa umbo, wanaing’arisha, basi. Joto la grenda linaua ugumu. Kwa hiyo kabla ya kulipa tazama makali kwenye mwanga wa jua: ukiona doa la samawati au zambarau kandokando ya makali, hapo chuma kimeungua na hapatashika makali mpaka pasagwe na kuondolewa. Omba pia upitishe tupa kidogo karibu na mpini. Fundi anayejua kazi yake hakatai.

Changu kimenipa makali karibu sawa na Mora. Mpini ni wa mti, chuma kinaufuata hadi mwisho na kimepigwa misumari mitatu ya shaba. Kikilegea namrudia fundi yuleyule na anakikaza bure. Duka la mtandaoni halitakufanyia hivyo.

Adui yake ni chumvi. Nilijaza ndoo maji ya bahari, nikavitumbukiza visu vyote mara moja, nikavitoa na kuviacha kibarazani usiku kucha bila kuvifuta. Alfajiri cha mhunzi kilikuwa na rangi ya machungwa kutoka ncha hadi mpini. Kile cheusi rangi yake ilikuwa salama, lakini kutu imeota palepale rangi isipofika, kwenye makali na ndani ya maandishi yaliyochongwa. Cha jikoni kilikuwa na vidoa kuzunguka misumari ya mpini. Mora ya stenlesi ilikuwa safi. Yuko rafiki yangu mwenye Mora ya chuma cha kaboni, na yake ilifanana na cha mhunzi kabisa. Kwa hiyo ukiagiza Mora ukakaa Mombasa, hakikisha ni ya stenlesi.

Dawa ya cha mhunzi ni rahisi ila haina likizo: suuza kwa maji matamu, futa kwa kitambaa kikavu, paka mafuta ya nazi kiasi cha kulowesha kidole. Mafuta ya nazi hayakudhuru ukikatia chakula. Usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi, kwa sababu ngozi hunyonya chumvi na jasho na kukikalisha kisu humo kama kwenye kitambaa kibichi. Mimi nakiweka nje ya ala, nimekiviringisha gazeti lenye mafuta. Kama wewe ni mtu wa kurudi safarini ukatupa begi kona hadi Jumamosi ijayo, kisu hiki utakiua.

Cha jikoni na panga

Ami hajawahi kumiliki kisu cha porini. Ana kisu cha jikoni cha shilingi 150, bapa jembamba ambalo amelipunguza kwa kunoa hadi likabaki nusu ya upana wake, na panga. Kile kisu kinapasua samaki wa changu kwa mkono mmoja laini kuliko chochote nilichomletea. Panga lake ni Tramontina, la Brazil, na kampuni hiyo inafua tangu 1911. Dafu linafunguka kwa mapigo matatu. Hakuna kisu kati ya vingine vyote nilivyovitaja kinachoweza kufungua dafu bila kukuhatarisha vidole. Niliwahi kukaza na kile cheusi mpaka nikachoka, nikaona ni ujinga, nikaacha.

Kwa familia inayokwenda ufukweni au shamba mara tatu kwa mwaka, jozi hii inatosha. Shilingi 150 na shilingi 600 za panga, hata elfu haifiki. Kasoro ni kisu cha jikoni hakina ala, na bapa lake jembamba lisipigwe gongo wala kukazwa kwa kupinda. Ala nimeitengeneza mwenyewe kwa kipande cha bomba la maji la plastiki nililolilainisha kwa maji ya moto na kulibana.

Ukifika dukani

Angalia bapa linavyoingia kwenye mpini. Kamata ncha kwa kitambaa, sukuma kulia na kushoto; likicheza hata kwa unywele, rudisha. Elekeza makali juani, uyatazame moja kwa moja kutoka juu: penye butu patang’aa kama uzi mweupe. Usidanganyike na jaribio la sumaku. Wauzaji wengine husema sumaku ikishika basi si stenlesi, lakini karibu stenlesi zote za visu hushikwa na sumaku, na isiyoshikwa ndiyo laini mno kwa makali.

Pesa zako zikiwa 750, chukua jozi ya ami. Zikiwa 700 na uko tayari kukitunza kisu, mtafute mhunzi anayekukubalia tupa. Zikiwa 3,500 na unafanya kazi karibu na maji ya chumvi, Mora ya stenlesi. Cheusi cha 1,800 kichukue tu kama kazi yako ni kupasua kuni.

Kimoja kingine kinachohusu mji wetu. Watu wa Mombasa wameshaumizwa na visu na mapanga vya kutosha mitaani, na mtu anayepita na ala kiunoni anawatia hofu majirani zake. Kisu kinakaa ndani ya begi, kimefungwa, chini ya nguo, mpaka tufike kambini. Kwenye ukaguzi wa feri namwambia askari mapema nilicho nacho na ninakokwenda. Kwa treni ya SGR usikibebe kabisa, kwa sababu mizigo inapitishwa kwenye mashine kituoni Miritini na safari yako itakwama hapo.

Kambi ijayo ni Agosti. Tutabeba Mora mbili, cha mhunzi kimoja, vya jikoni sita na panga moja litakaloshikwa na mtu mzima tu. Mipini yote nimeizungushia utepe mwekundu, maana Kwale majani ni marefu na kisu kikidondoka jioni, anayekipata kwanza huwa ni mguu wa mtoto.